"Nina haki ya kusema": yaliyonikuta

Kuna siku usiku niliposti utani kuhusu jamaa tunayefanya naye kazi, jamaa ana kigugumizi, basi nikaandika sentensi moja nikairudiarudia herufi ya kwanza ya kila neno, vicheko vikamiminika, nikalala nimejiona bingwa. Asubuhi naamka skrinshoti imeshazunguka na mwenyewe kaiona. Kwenye kikao siku ile hakufungua mdomo kabisa, akiulizwa kitu anaandika kwenye karatasi anaisogeza mezani.

Walionisema unajua niliwajibuje? Uhuru wa kujieleza bwana, Ibara ya 19 ya Azimio la Haki za Binadamu la 1948, nikaikopi nzima nikawabandikia kama wakili. Dada mmoja akaniambia kwa upole tu, kaka, nenda kwenye ule Mkataba wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, namba ni hiyohiyo 19, soma kifungu cha tatu. Nikasoma. Kumbe kinasema haki hiyo inaambatana na wajibu na majukumu maalumu, na sheria inaweza kuiwekea mipaka kulinda haki na heshima za wengine. Nikanywea.

Sasa msinielewe vibaya, sisemi watu wanyamaze. Mwenye cheo mchokoze, mseme mpaka akose usingizi, haki hii ina kazi gani nyingine? Tena wakubwa ndo wanaolipenda sana hili neno "wajibu" wakitaka kufunga watu midomo. Na mi sikustahili kushtakiwa, hilo bado naamini, ila kutoshtakiwa siyo kwamba sijamuumiza mtu, hayo mawili nilikuwa nayachanganya makusudi kabisa.

Kwa hiyo kabla hujaposti uchokozi wako angalia unamwangukia nani, na kama ungeweza kuusoma kwa sauti amekaa mbele yako. Ukishaharibu usikimbilie kufuta, skrinshoti hazifutiki, na ile "nilikuwa natania tu" iache. Omba radhi palepale ulipomchekea, siyo pembeni. Mi nilimfuata inboksi nikaandika "samahani kama umekwazika". Akajibu neno moja: "Kama?"

Ikabidi nirudi mbele ya walewale waliocheka, niandike upya bila hiyo "kama". Waliosoma walikuwa wachache sana, hata robo ya waliousoma ule utani hawakufika.