Kivuko bila injini kinavukaje?
Ndugu, aliyekuambia kivuko bila injini ni hadithi hajafika Basel, Uswisi. Kwenye mto Rhine, katikati ya mji, viko vinne, vyote vidogo, vya abiria tu. Juu ya mto umevutwa waya mnene kutoka ukingo hadi ukingo, na chombo kimefungwa hapo kwa kamba inayotembea na roda. Nahodha anakiweka mshazari kidogo, mkondo unakisukuma wenyewe mpaka ng'ambo. Kurudi, anakigeuzia upande mwingine. Hakuna dizeli wala kelele! Cha kwanza kilianza mwaka 1854. Ila Likoni au Kigamboni usikiote: yale ni maji ya bahari, yanajaa na kupwa, hayana mkondo wa upande mmoja.