Taa na blaindi za rimoti, lazima nivunje ukuta?

SWALI: Fundi habari za kazi. Nyumba yetu ni ya zamani, kuta za mawe nene, na rangi ndo kwanza tumemaliza kupaka. Mama magoti yanamsumbua, kila jioni kuinuka kuzima taa na kushusha blaindi za sebuleni ni shughuli. Fundi mmoja kasema lazima avunje ukuta apitishe waya mpya, mwingine kasema ninunue balbu za Wi-Fi tu basi. Nimsikilize nani?
Binti wa Ngamiani, Tanga

JIBU: Salama dada, mpe pole mama. Usimsikilize hata mmoja.

Balbu za Wi-Fi ni nzuri mpaka siku mjukuu apite azime swichi ya ukutani kwa mazoea, hapo balbu haina umeme, utabonyeza simu mpaka vidole viume. Na ukuta wa kuvunja haupo. Zima meni swichi halafu fungua swichi moja, nyumba nyingi za zamani utakuta waya mbili tu, moto (waya wenye umeme) unaoingia na ule unaopanda kwenye taa, nyutro (waya wa kurudisha umeme) hakuna, imebaki juu darini. Sasa swichi nyingi za rimoti zinataka nyutro. Zipo zisizoitaka lakini zinapitisha umeme kidogo kwenye balbu hata ukizima, ukiwa na LED ya wati 5 inaweza kubaki inapepesa usiku kucha, mi sizipendi kabisa.

Fundi apande darini apime kama pale kwenye taa moto wa kudumu (usiokatwa na swichi) na nyutro vyote vipo, vikiwepo aweke rilei ya Zigbee, kidude saizi ya kiberiti kinachowasha na kuzima taa kwa ishara za redio. Mama mbandikie kibonyezo cha betri kwenye mkono wa kiti chake, simu ya nini na mtu mzima? Zigbee naipendea kuta nene kama zenu, maana vifaa vyake vinavyotumia umeme wa nyumba vinapokezana ishara chumba hadi chumba. Vya betri havipokezani, kwahiyo usitegemee kibonyezo kisogeze ishara.

Blaindi kama ni za kuviringisha, kuna mota za betri zinazoingia ndani ya bomba lenyewe, unachaji kama simu. Pima kwanza upana wa ndani wa bomba, kwa milimita, usikadirie, watu wengi wananunua halafu haiingii. Na hakikisha blaindi ikishuka haikwami kwenye komeo la dirisha.

La mwisho, umeme ukikatika. Ingia kwenye programu ya rilei hizo uchague taa zibaki zilivyokuwa kabla ya kukatika. Mi kwangu nilisahau, umeme ukarudi saa nane usiku nyumba nzima ikawaka mara moja, mke wangu akaruka kitandani anapiga kelele mwizi, majirani wakaja na mapanga.