Usimsemee Mtoto Wako kwa Mungu

Mwanangu wa pili alikuwa na miaka saba usiku ule. Tulikuwa tumepiga magoti sebuleni, na mimi ndiye niliyekuwa naongoza sala ya jioni. Mchana alikuwa amechukua pesa kwenye mkoba wangu bila ruhusa, nilipomuuliza akakana. Basi nikaomba hivi: "Ee Bwana, humu ndani kuna mtoto mwizi na mwongo. Wewe unamjua. Mguse kabla hajaharibika."

Pembeni yangu nikasikia pumzi inayokatikakatika. Nikafumbua macho. Alikuwa ananitazama, machozi yanamlengalenga, na mikono yake bado ameifumbata kifuani kama nilivyomfundisha. Akasema kwa sauti ndogo, "Mama, kwa nini unanisemea kwa Mungu?"

Nikasema amina harakaharaka nikawapeleka kulala. Mimi sikulala.

Kila mtoto anajua kusemewa ni nini. Mdogo akivunja kitu, mkubwa anakimbilia kwa baba kumsemea, na kinachofuata kila mtu anakijua. Kwa hiyo ndivyo mwanangu alivyomwona Mungu: mzazi mkali aliyekaa mahali anasubiri taarifa, mama ndiye mpeleka taarifa, na saa ya sala ni saa ya kesi. Mimi niliyempa picha hiyo ndiye niliyekuwa nikimwimbia kila Jumapili kwamba Yesu anampenda.

Nilipojichunguza, niliona halikuwa jambo la usiku mmoja. Kwa miezi mingi sala zangu zilikuwa za mafumbo. "Bwana, wasaidie wanaojifanya hawasikii wakiitwa." "Bwana, mkumbushe anayesahau vitabu shuleni." Nilikuwa nasema na watoto huku nimemgeukia Mungu. Na dalili zilikuwepo. Kifungua mimba wangu ghafla alikuwa na kazi nyingi za shule ikifika saa mbili usiku. Kitinda mimba alisinzia hata kabla hatujaimba. Nilidhani ni shetani anapigana na madhabahu ya nyumba yangu, nikawa namkemea. Kumbe watoto walikuwa wanakimbia kuchapwa kwa maneno.

Asubuhi, kabla hajaenda shule, nilichuchumaa mbele yake nikamwambia nilikosea jana, kwamba sala si mahali pa kumsema, na kwamba habari ya pesa tutaizungumza mimi na yeye. Akaniuliza, "Na Mungu ameshasikia?" Nikamwambia Mungu alijua hata kabla sijasema, wala hajaacha kumpenda. Akatafakari kidogo. "Basi na wewe mwambie umekosa." Nikafumba macho palepale mlangoni, nikamwambia Mungu nimemwaibisha mtoto wangu mbele ya ndugu zake, naomba anisamehe. Yeye akaitika amina.

Pesa alizirudisha siku ya tatu, tena nusu tu, nyingine alikuwa ameshatumia. Sitaki mtu afikiri nilimwaga chozi moja na mtoto akageuka malaika. Ila tangu siku ile tuliweka sheria moja nyumbani, na kama ningeruhusiwa kumpa mzazi Mkristo ushauri mmoja tu, ningempa huu: kosa la mtoto halisemwi kwenye sala ya familia. Kosa lina wakati wake, lina mazungumzo yake, na likistahili adhabu, lina adhabu yake. Usiliingize kwenye sala.

Si kwamba nimeacha kuwarudi watoto. Waefeso 6:4 inataka tuwalee katika adabu na maonyo ya Bwana, na mimi naishika. Lakini aya hiyohiyo inaanza kwa kumwonya mzazi asiwachokoze watoto, na Wakolosai 3:21 inataja sababu: "wasije wakakata tamaa." Aya hiyo nilikuwa nimeisoma mara nyingi nikadhani inawahusu kina baba wenye fimbo. Mtoto anaweza kukatishwa tamaa kwa sala pia, na naamini hiyo ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu akishamkatia tamaa Mungu hana pengine pa kukimbilia.

Basi, kama makosa ya watoto hayasemwi, nani anatubu kwenye sala ya familia? Wazazi. Tunaanza sisi. Mwanzo ilikuwa ngumu mno. Mume wangu si mtu wa maneno mengi, na jioni ya kwanza alikaa kimya hadi nikadhani amesinzia. Kisha akasema, "Bwana, leo nimemjibu mwenzangu kazini kwa dharau. Nisamehe." Watoto walinyamaza kwa namna ambayo sijawahi kuwaona wakinyamaza kanisani. Kesho yake, baba yao hajavua hata viatu, kitinda mimba akamdaka: "Baba, ulimwomba msamaha?" Alikuwa hajamwomba. Siku iliyofuata alimwomba, akarudi akamwambia mtoto.

Kwangu mimi somo la toba lilikuwa hapo. Kitabu chochote cha mafundisho ya watoto kitakueleza toba ni nini, lakini mtoto anataka kumwona mtu mzima, mkubwa kuliko yeye, ambaye hakuna wa kumlazimisha, akikiri kosa na kwenda kulirekebisha. Baada ya wiki kadhaa wakaanza wenyewe, bila kuulizwa. Mwingine alikiri jambo ambalo sikuwa nalijua kabisa. Hapo sheria nyingine ikazaliwa: kinachokiriwa kwenye sala hakiadhibiwi. Kurekebisha, lazima arekebishe. Ila kumwadhibu mtoto kwa yale aliyomwambia Mungu mbele yako ni kumfunga mdomo maisha yake yote.

Weka na mpaka. Mambo ya ndani ya ndoa, madeni yanayokunyima usingizi, hasira zako kwa ndugu wa upande wa pili, hayo mwambie Mungu faraghani. Mabega ya mtoto ni madogo.

Kuhusu urefu wa ibada nitasema machache. Yetu haizidi dakika kumi na tano: wimbo mmoja, kipande cha Biblia, sala. Nilipokuwa nafanya dakika arobaini tulidumu wiki mbili, tukapumzika miezi mitatu. Tulianza na Injili ya Marko kwa sababu ndiyo fupi kuliko zote nne, sura 16, na haina maneno mengi; Yesu anatembea, anaponya, anavuka ziwa. Ukisoma kisa kimoja kila jioni, hata kama mnaruka siku mbili tatu kwa wiki, mtamaliza ndani ya miezi michache, na mtoto atakuwa amemfuata Yesu kutoka Yordani hadi kaburi tupu kwa mpangilio. Kabla ya hapo watoto wangu walikuwa na vipande tu: Nuhu, Daudi na Goliathi, Yona, kila kimoja peke yake, hawajui kipi kinatangulia. Martin Luther, yule mwanamatengenezo wa kanisa wa Ujerumani, alipoandika Katekisimu Ndogo, kitabu kifupi cha mafundisho ya imani, mwaka 1529, aliweka juu ya sehemu zake kwamba hivi ndivyo mkuu wa nyumba anavyopaswa kuwafundisha wa nyumbani mwake kwa urahisi. Alikuwa ametembelea makanisa ya vijijini akakuta watu wazima hawajui hata Sala ya Bwana, na dawa aliyowapa ikaenda hadi nyumbani.

Lakini mengi hayatokei kwenye ibada. Kumbukumbu la Torati 6:7 inataja nyakati nne za kuwafundisha watoto: "uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani, na ulalapo, na uondokapo." Ya pili, ya njiani, ndiyo iliyonifaa zaidi. Mtoto akitembea sambamba nawe, hamtazamani usoni, ulimi wake unafunguka. Siku moja njiani binti yangu, kifungua mimba, aliniuliza swali lililokuwa likimkaa rohoni tangu mazishi ya bibi yake. "Tuliomba wote apone. Kwa nini Mungu hakusikia?"

Zamani ningemjibu haraka kwamba Mungu ana mpango wake. Mimi ni mtoto wa marehemu yule, na jibu hilo mimi mwenyewe halikunituliza. Nikamwambia sijui. Nikamwambia pia kwamba Yesu alipokuwa anakwenda kwenye kaburi la rafiki yake Lazaro alilia, japokuwa alijua atamfufua muda mfupi baadaye. Akanyamaza tukaenda hatua nyingi. "Kwa hiyo hakasiriki tukilia?" Hakasiriki, nikamwambia, na mimi nikalia. Mzazi mwenzangu, usiogope kumwambia mtoto hujui. Mtoto aliyelishwa majibu ya uongo atakuja kuyatambua akifika miaka kumi na mitano, na atayatupa pamoja na yale ya kweli.

Binti huyo sasa ana miaka kumi na saba, na tangu mwaka jana hataki kukaa kwenye ibada ya nyumbani. Kanisani anakwenda, kwa kuwa bado yuko chini ya paa letu, ila anasema hana uhakika kama anaamini. Nilipolisikia hilo mara ya kwanza, miguu iliisha nguvu. Kilichonishikilia ni kisa cha Samweli. Yule mtoto aliwekwa wakfu kabla hajazaliwa, akalelewa hekaluni, akawa analala karibu na sanduku la Mungu, na bado 1 Samweli 3:7 inasema wazi kwamba alikuwa bado hajamjua Bwana. Aliitwa mara tatu akadhani ni mzee Eli, kuhani aliyekuwa akimlea. Na Eli, pamoja na udhaifu wake wote kwa wanawe mwenyewe, hapo alifanya vizuri: hakuisikia ile sauti kwa niaba ya mtoto. Alimfundisha namna ya kuitika, akamrudisha akalale.

Nami najaribu kuwa hivyo kwa binti yangu. Namwambia tunasali saa mbili, mlango uko wazi, simfuati chumbani. Habari zake nampelekea Mungu nikiwa peke yangu, alfajiri, na huko nasema kila kitu kwa jina lake. Hiyo ndiyo tofauti niliyochelewa kuiona: kumwombea mtoto na kumsemea mtoto. Maneno yanaweza kufanana kabisa. Yanayotofautiana ni masikio unayotaka yakusikie. Monika, mama yake Agostino ambaye baadaye alikuja kuwa askofu na mwalimu mkubwa wa kanisa, alimwombea mwanawe huyo kwa miaka mingi wakati kijana amezama kwenye mafundisho mengine. Askofu mmoja ambaye Monika alimbembeleza akaongee na kijana huyo alikataa, akamwambia mama amwache kwanza, ila aendelee kumwombea kwa Mungu. Agostino alibatizwa mwaka 387 akiwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, na mama yake alifariki mwaka huohuo. Sisemi binti yangu atafuata njia hiyo. Sijapewa ahadi kama hiyo, na Mithali 22:6, isemayo mtoto akilelewa katika njia impasayo hataiacha hata akizeeka, naisoma kama hekima ya malezi, si hati ya dhamana. Nasema tu kwamba askofu yule alimpa mama shauri jema.

Najua wapo wanaosoma hapa ambao mwenzi wao haamini, au hayupo kabisa. Msihesabu nyumba zenu kuwa pungufu. Baba yake Timotheo alikuwa Myunani, na Paulo anapoitaja imani ya kijana huyo anawataja bibi yake Loisi na mama yake Eunike tu. Wanawake wawili na Maandiko, tangu utoto wake. Usimseme vibaya mzazi asiyeamini mbele ya mtoto, na wala usimsemee kwenye sala. Mafumbo ya "Bwana, wabadilishe walio wagumu wa mioyo" watoto wanayaelewa haraka kuliko unavyofikiri, na wanalazimika kuchagua upande.

Kama nyumbani kwenu ibada ilishakufa, au haikuwahi kuwepo, usiitangaze kwa mkutano wala usiwawekee watoto ratiba ukutani. Leo usiku, kabla hawajalala, kaa nao mahali wanapokaa siku zote, simu yako wewe ukiwa umeizima kwanza. Soma Marko 1, aya nane za mwanzo, usieleze kitu. Wakiuliza kwa nini Yohana alikula nzige, jibu unachojua. Kisha fumba macho, mwambie Mungu kosa lako moja la leo, hasa kama ulimfanyia mmoja wao, ushukuru kwa kuwataja kila mmoja kwa jina, na useme amina hapohapo, kabla hujashawishika kuongeza neno.