Hank Gathers: tusimkumbuke kwa mkono wa kushoto wa rafiki yake tu

Mkuu, umeuliza ni mchezaji gani kijana wa kikapu aliyeondoka mapema ambaye mpaka leo akitajwa roho inakuuma. Wengi mmemtaja Len Bias, aliyefariki Juni 1986 siku mbili tu baada ya kuchaguliwa na Boston Celtics, timu ya NBA, ligi kuu ya kikapu Marekani. Wengine mmemtaja Dražen Petrović, yule Mkroatia, na ile ajali ya gari ya Ujerumani. Sina ubishi na yeyote. Wangu mimi ni Hank Gathers, na kwa kuwa uzi mzima umempa mstari mmoja tu, "yule ambaye rafiki yake alipiga kwa mkono wa kushoto", naomba niandike kwa kirefu.

Hank alizaliwa mwaka 1967 na kukulia kwenye majengo ya watu wa kipato cha chini kaskazini mwa Philadelphia. Sekondari alicheza timu moja na Bo Kimble, wakaondoka pamoja kwenda Chuo Kikuu cha USC, California. Kocha aliyewachukua alipofukuzwa, wakahama pamoja tena, safari hii kwenda Loyola Marymount, chuo kidogo cha Kikatoliki hapo hapo Los Angeles. Huko walimkuta Paul Westhead, kocha aliyewahi kuipa Lakers ubingwa wa NBA mwaka 1980. Westhead alikuwa na falsafa moja: kimbia, piga ndani ya sekunde saba hivi, kaba uwanja mzima, rudia. Msimu wa 1989/90 timu ile ilifunga wastani wa pointi 122.4 kwa mechi, na hakuna timu ya daraja la kwanza la vyuo iliyofikia namba hiyo hadi leo.

Kwenye fujo ile, Hank ndiye aliyekuwa anafanya kazi ya kiume. Alikuwa na kama mita mbili tu, urefu wa kawaida sana kwa mtu anayecheza chini ya ringi, lakini alikuwa akiruka mara ya pili na ya tatu wakati wenzake bado wanatua kutoka ile ya kwanza. Msimu wa 1988/89 aliongoza Marekani nzima kwa pointi, wastani wa 32.7, na kwa ribaundi, yaani kudaka mipira iliyokosa ringi, wastani wa 13.7. Katika historia ya daraja la kwanza la vyuo, kabla yake alikuwa mmoja tu aliyewahi kuongoza vyote viwili msimu mmoja, Xavier McDaniel.

Udhaifu wake ulikuwa mitupo huru, ile unayopiga bila kuzuiwa baada ya kufanyiwa faulo. Alihangaika nayo mpaka akaamua kupiga kwa mkono wa kushoto, na yeye ni mtu wa kulia. Huo ndio mkono mnaousikia kwenye hadithi.

Tarehe 9 Desemba 1989, kwenye mechi dhidi ya UC Santa Barbara, Hank alianguka akiwa kwenye mstari wa mitupo huru. Alipopimwa, ikaonekana mapigo yake ya moyo hayaendi sawa. Akapewa propranolol, dawa inayotuliza mapigo, kisha akarudi uwanjani ndani ya wiki chache. Sasa fikirieni: timu nzima imejengwa juu ya moyo kwenda mbio dakika zote 40, na yeye anameza dawa ya kuuzuia moyo usiende mbio. Akawa anajisikia mzito, akalalamika, dozi ikapunguzwa, ikapunguzwa tena. Watu wa NBA walikuwa wanamwangalia, na nyumbani Philadelphia kulikuwa na familia iliyokuwa ikisubiri aitoe kwenye dhiki. Sishangai hata kidogo kwamba alitaka kucheza.

Machi 4, 1990, mashindano ya kanda yao, wapinzani ni Portland. Kipindi cha kwanza Terrell Lowery alimrushia mpira juu, Hank akaudaka hewani na kuudanki kwa nguvu, uwanja wa nyumbani ukalipuka. Akageuka, akarudi kusimama karibu na katikati kwa ajili ya kukaba, akaanguka. Alijaribu kunyanyuka, akashindwa. Jioni ile ile akatangazwa kuwa amefariki. Alikuwa na miaka 23.

Mashindano ya kanda yakafutwa, Loyola wakapelekwa NCAA, mashindano ya vyuo ya Marekani nzima, kama mabingwa wa msimu. Kimble akaahidi kwamba mtupo huru wake wa kwanza katika kila mechi ataupiga kwa mkono wa kushoto kwa ajili ya rafiki yake, na ikawa inaingia. Wakaitoa New Mexico State, wakawapiga Michigan, mabingwa watetezi, 149 kwa 115, wakaitoa Alabama 62 kwa 60, mpaka UNLV ilipowasimamisha kwa 131 kwa 101 na kwenda kuchukua kombe. Mwalimu wangu wa kwanza wa kikapu, pale Upanga, alikuwa na kaseti ya mechi ya Michigan. Alituonyesha mpaka picha ikaanza kuchora mistari, na kila ukifika ule mtupo wa Kimble alikuwa anasimamisha, kimya, halafu anaendelea. Mimi nimekipenda kikapu kwa sababu ya kaseti ile.

Lakini nilipokuwa mkubwa na kuanza kufundisha watoto mwenyewe, ndipo nilipoona kwamba hadithi ya mkono wa kushoto, kwa uzuri wake wote, imeifunika ile ya Desemba. Tunasimulia yaliyotokea baada ya kifo, tunaruka miezi mitatu ambayo moyo ulikuwa umeshatoa taarifa. Na Hank hakuwa wa mwisho. Reggie Lewis, nahodha wa Celtics, alianguka kwenye mechi ya mtoano dhidi ya Charlotte mwezi Aprili 1993, madaktari wakatofautiana kuhusu moyo wake, na Julai mwaka huo huo akafariki akiwa anajifua kwa mitupo tu, bila hata mechi. Miaka 27.

Kwenye kikosi changu cha vijana alikuwepo mtoto mmoja mrefu kuliko wenzake wote, mikono mirefu, anajifunza haraka. Jioni moja tukiwa kwenye zile mbio za kwenda mstari na kurudi, alipiga magoti, kisha akalala kifudifudi. Baada ya sekunde chache akainuka, anacheka, anaomba mpira. Wenzake wakasema hajala huyo. Wazazi waliokuwa pembeni wakasema ni jua. Na kweli kulikuwa na jua. Ila alikuwa ameanguka akiwa katikati ya mbio, hakuanguka baada ya kusimama, na hiyo tofauti nilikuwa nimeshaisoma. Nikamkalisha.

Mama yake aliniambia, "Mwalimu, mwanangu mzima, ni njaa tu." Nikamwomba, "Mama, naomba tumpeleke apimwe moyo, kama ni njaa tutacheka wote." Akakubali. Muhimbili, kwenye taasisi ya moyo, wakampima umeme wa moyo na kumfanyia eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, ikaonekana ukuta wa moyo umekuwa mnene kuliko kawaida. Misuli ya namna hiyo inaweza kuvuruga umeme wa moyo katikati ya mazoezi makali, moyo ukabaki unatetemeka badala ya kusukuma damu. Akakatazwa kucheza mashindano. Kwa muda mrefu hakunisalimia. Baba yake mdogo naye alinipigia akisema nimemkatia mtoto riziki. Leo kijana yuko chuo, na wikiendi anakaa meza ya takwimu kwenye mechi zetu.

Kuna mchangiaji ameandika kwamba angalau Hank alikufa akifanya anachokipenda. Najua nia ni kufariji, ila mimi silikubali hilo neno. Alipenda kucheza kikapu, na alikuwa na miaka kumi na zaidi ya kukicheza mbele yake. Kwa makocha mliomo humu: mtoto akizimia katikati ya mbio, au nyumbani kwao kuna ndugu aliyefariki ghafla akiwa kijana, apimwe kwanza ndipo arudi mazoezini. Na akianguka hapumui, msimwagie maji. Mkandamizeni kifua katikati, kwa nguvu na haraka, bila kuacha, huku mtu mwingine akitafuta gari na kuuliza kama kuna mashine ya kushtua moyo karibu. Zile dakika chache za mwanzo ndizo zinazomwokoa mtu.

Nje ya ukumbi wa Loyola sasa kuna sanamu yake, na wenyewe ukumbi wanauita Nyumba ya Hank. Ila anayetaka kumwona akiwa hai atafute mechi ya Februari 1990 dhidi ya chuo cha LSU, ambayo Loyola walifungwa 148 kwa 141 baada ya muda wa nyongeza. LSU walikuwa na Shaquille O'Neal na Stanley Roberts, majitu mawili chini ya ringi. Mwanzoni Shaq anamzuia Hank mpira baada ya mpira, mtu mwingine angeanza kupigia mbali. Hank anarudi pale pale, na pale pale tena, mpaka mechi inakwisha ana pointi 48 na ribaundi 13.