Kumwandikia wasifu rubani mstaafu: anzeni na logibuku

Baba mkubwa alirusha ndege za jeshi, kisha akamalizia utumishi wake Shirika la Ndege Tanzania, ATC. Alipofariki, ukoo ulinikabidhi kazi ya kuandika wasifu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikikaa naye barazani miaka yake ya mwisho na kumdadisi. Tangu msiba ule, watu ambao wazee wao walikuwa marubani hunipigia simu kuuliza waanzie wapi. Nawajibu wote hapa.

Anzeni na logibuku, siyo vyeti. Ndicho kitabu ambacho rubani huandika kila safari: tarehe, aina ya ndege, usajili wake, alikotoka, alikotua, nani aliiongoza na muda waliokaa angani. Cha baba mkubwa kilikuwa na jalada gumu lililochakaa pembeni, na saa za usiku alikuwa ameziandika kwa wino mwekundu, kama walivyozoea marubani wengi wa enzi zake. Usajili unaoanza na 5H ni wa ndege ya kiraia ya Tanzania, 5Y ya Kenya, 5X ya Uganda. Muda nao mara nyingi huandikwa kwa saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu. Ukikuta 0400, kwetu ni saa moja asubuhi. Binamu yangu aliisoma akadhani mzee aliruka saa kumi alfajiri, na nusura isomwe hivyo mbele ya waombolezaji.

Baada ya hapo, tafuteni habari za ndege zenyewe. Ndege za Caribou na Otter za jeshi letu zilitoka Kanada, nchi iliyotusaidia kujenga kikosi cha anga kati ya 1965 na 1970. Ndiyo maana baadhi ya vijana wa rika la mzee walipelekwa huko kusoma. Caribou ina injini mbili za pangaboi na mlango mpana nyuma, na ilitengenezwa itue kwenye viwanja vifupi vya udongo. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, East African Airways, shirika la ndege la pamoja la nchi hizo, likafa, na ATC ikaundwa Machi mwaka huohuo. Nchi ikalazimika kuwa na shirika lake na watu wake wa kuliendesha. Ukiandika tu "alihamia ATC", vijukuu hawatajua alihamia kwenye kazi gani. Waelezeni kwamba kuna kizazi kilichotoka kwenye pangaboi kikaenda kurusha Boeing 737, ndege ya jeti, na kwamba babu yao alikuwemo.

Muwe makini na vyeo. Kapteni wa jeshi ni ofisa mwenye nyota tatu begani. Kapteni wa shirika la ndege ndiye mwenye dhamana ya safari nzima, na kwa kawaida huvaa mistari minne. Mtu anaweza kustaafu jeshini akiwa Meja, akaanza kama rubani msaidizi kwenye ndege za abiria, kisha akapanda kuwa kapteni. Wasifu ukichanganya hayo, wenzake waliokaa pale msibani watajua.

Na hao wenzake ndio hazina, hasa mafundi. Mzee mmoja aliyekuwa fundi wa ndege alinieleza jinsi baba mkubwa alivyokuwa akiizunguka ndege kabla ya kuruka, kofia kwapani, anapitisha kiganja kwenye ukingo wa bawa, anainama kutazama matairi, halafu anamuuliza fundi jina lake na kama amekula. Fundi alikuwa ameshasaini kila kitu, lakini mzee alizunguka vilevile. Nyumbani hakuna aliyelijua hilo. Niliondoa aya nzima ya semina na kozi ili lipate nafasi.

Kuhusu vita ya Kagera, aligusia kidogo sana, nami sikumsukuma. Nawashauri mfanye hivyohivyo. Mambo ya jeshi mengine si ya kusomwa hadharani, na askari ana haki ya kunyamaza. Taarifa za msiba pelekeni jeshini mapema, maana heshima za kijeshi zina utaratibu wake.

Andikeni pia sababu ya kustaafu. Majirani walikuwa wakinong'ona kwamba mzee aliondolewa, kumbe enzi zake kikomo cha kimataifa cha kapteni wa ndege za abiria kilikuwa miaka 60. Kilipandishwa hadi 65 Novemba 2006, yeye akiwa ameshatoka. Sentensi moja ilifuta maneno ya miaka mingi, na niliisoma taratibu makusudi.

Mama mkubwa nilimhoji peke yake, jikoni, watu wakiwa wamepungua. Yeye ndiye aliyelea watoto, akapokea wageni wa Krismasi na kuwapeleka wagonjwa hospitali, mume akiwa Mwanza au nje ya nchi. Mpeni nafasi yake kwenye wasifu huo.

Logibuku yenyewe ipigeni picha ukurasa kwa ukurasa, kila mtoto apewe nakala, halisi abaki nayo mjane. Picha za zamani ziandikeni majina nyuma kwa penseli laini wakati wenzake bado wapo msibani, kwa sababu baada ya arobaini kila mtu hurudi kwao.