Ukienda Kusikiliza Mhadhara Makumbusho, Anza na Kitu Chenyewe

Mhadhara wangu wa kwanza pale Makumbusho ya Uganda, Kitante, jijini Kampala, niliingia nimechelewa. Msongamano wa magari Kamwokya ulinishika, nikakaa kiti cha nyuma, nikaandika kurasa sita bila kuinua kichwa. Wiki mbili baadaye mke wangu aliniuliza nimejifunza nini. Nilifungua daftari nikamsomea, na mimi mwenyewe sikuelewa nilichokuwa nasoma. Nilikuwa nimenakili maneno kuhusu vitu ambavyo sikuvitazama hata mara moja, na vilikuwa chumba cha pili tu.

Tangu siku hiyo nafika saa nzima kabla. Nalipa kiingilio, nachagua kitu kimoja kinachohusu mada, nakaa nacho mpaka kinizalie swali. Mada ikiwa muziki, naenda kwenye ala. Klaus Wachsmann, aliyewahi kusimamia makumbusho haya, alitaka ngoma na vinubi vipigwe, visikae kimya ukutani. Mada ikiwa historia, tazama hata jengo: makumbusho yalianza 1908 kwenye ngome ya Old Kampala, na nyumba hii ya Kitante iliyochorwa na Ernst May ikafunguliwa 1954. Usisahau pia kuuliza ni kitu gani hakipo. Kile kichwa cha sanamu ya kale ya udongo kilichochimbuliwa Luzira, hapa Kampala, mwaka 1929 kiko London, kwa hiyo hapa hutakikuta chenyewe. Mimi swali hilo huniuma, na nimeona likiamsha ukumbi mzima.

Ushauri wangu mkubwa lakini ni huu: usiende peke yako. Nenda na mtu mzima anayekijua kitu kwa mikono yake.

Mimi nilimchukua Jaja, jirani yetu aliyezaliwa upande wa Masaka. Mada ilikuwa lubugo, nguo ya gome la mti wa mutuba, ambayo UNESCO iliitambua mwaka 2005. Alikataa kwanza. "Mwanangu, huko wanasema Kizungu, mimi nitakaa kama kinyago?" Nikamwahidi kumtafsiria.

Tulipofika, alisimama mbele ya nyundo za mbao muda mrefu. Akanionyesha kwa kidole: hii yenye mifuo mipana ndiyo ya kuanzia, gome likiwa bado zito na bichi, hii yenye mifuo myembamba inakuja mwisho, ndiyo inayolainisha. Baba yake alikuwa fundi. Alisema wao watoto walijua kazi imefika wapi kwa kusikia mlio tu, wakiwa bado shambani. Maelezo hayo sikuyaona kwenye kibao chochote.

Mhadhiri alizungumza vizuri, nikawa namnong'oneza Jaja. Wakati wa maswali nilimshika mkono, akasimama. Usione haya kuuliza kwa Kiswahili au Kiganda. Mara nyingi hupatikana wa kutafsiri, na mhadhiri mzuri hufurahi. Jaja aliuliza: "Umetuambia gome linavyobanduliwa. Mti je, uliuvika nini?" Kisha akaeleza mwenyewe kwamba mti uliobanduliwa hufungwa majani ya mgomba usikauke, gome jipya likaota, na mutuba mmoja ukavunwa miaka mingi. Mhadhiri alichukua kalamu akaandika. Baada ya hapo akamletea kiti, wakaongea mpaka walinzi wakaanza kuzima taa.

Nyumbani, usiku uleule, niliandika mambo matatu tu, bila daftari la ukumbini. Fanya hivyo kabla hujalala, na Jumamosi nenda ukautafute mti wenyewe. Sisi tuliupata mutuba nyuma ya nyumba ya mtu, tukaomba ruhusa, tukaugusa.

Mwezi uliofuata nilikuwa sijaamua kama nitakwenda. Saa nane mchana mlango ukagongwa. Jaja alikuwa amekwisha vaa gomesi yake ya sikukuu, anauliza leo wanazungumzia nini.