Mbunge wetu alisema Ndiyo au Siyo?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Nanyamba. Wasichana wetu wawili walipomaliza darasa la saba alikuja mama mmoja mgeni, akawapa wazazi hela ya sukari na doti za khanga, akaondoka nao kwenda Dar kufanya kazi za ndani. Mmoja amerudi mikono mitupu na hasemi na mtu. Wa pili simu yake haipatikani. Nimesoma kwamba Marekani mwananchi anaweza kuona mbunge wake alipiga kura gani kwenye sheria za biashara ya binadamu. Na mimi nataka kujua wetu alipiga kura gani, nimuulize akija kijijini. Nianzie wapi?
Mwalimu, Nanyamba

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na huyo asiyepatikana, kwa sababu mbunge anaweza kusubiri, mtoto hawezi. Nenda na mzazi wake Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, leo hii. Mkaeleze jina alilojiita huyo mama, basi walilopanda, na namba ya simu aliyowaachia. Mkishindwa kufika, pigeni 116, simu ya watoto, haina malipo. Na mtu asiwatishe kwa kusema wazazi waliridhia wenyewe. Kwa Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008, ridhaa ya aliyesafirishwa haifuti kosa, na aliyesafirishwa akiwa mtoto, kosa linakuwa kubwa zaidi.

Sasa mbunge. Nimekaa miaka mingi Dodoma nikiandika habari za Bunge, kwa hiyo nitakwambia wazi: kura yake kwa jina huenda usiipate kabisa. Muswada wa kawaida kwetu hupitishwa kwa sauti. Spika anahoji, wanaoafiki wanasema Ndiyo, wasioafiki wanasema Siyo, yeye anasikiliza upande upi umezidi, basi. Ukifungua Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za yaliyosemwa bungeni, utakuta mistari miwili tu ndani ya mabano: "Hoja ilitolewa iamuliwe", na chini yake, "Hoja iliamuliwa na kuafikiwa". Nani alisema Ndiyo, nani alinyamaza, nani alikuwa mgahawani akinywa chai, hakuna anayeweza kukuonyesha. Wabunge huitwa jina kwa jina kwenye mambo machache, kama bajeti kuu ya Serikali mwezi Juni na mabadiliko ya Katiba. Hili linaniuma mpaka leo. Sheria inayogusa watoto wa watu ilistahili majina.

Usikate tamaa lakini. Kwanza angalia kama alikuwepo. Sheria ilipitishwa 2008, Bunge la Spika Samuel Sitta, na wakati huo jimbo la Nanyamba lilikuwa bado halijazaliwa. Mlikuwa ndani ya Mtwara Vijijini. Kumdai mtu kura ya Bunge ambalo hakuwamo ni kumwonea, na atakushinda mbele ya mkutano.

Kisha soma alichosema. Hansard ziko kwenye tovuti ya Bunge, zimepangwa kwa mkutano na tarehe ya kikao. Fungua faili kwenye simu, tafuta jina lake, halafu tafuta neno "binadamu". Hotuba zenye "(Makofi)" kila baada ya sentensi mbili zipite haraka. Kaa kwenye sehemu ya Kamati ya Bunge Zima, ambako muswada hupitiwa ibara kwa ibara. Mbunge aliyeleta jedwali la marekebisho, yaani karatasi ya mabadiliko anayotaka kwenye muswada, akasimama kutetea hata neno moja ndani ya ibara, huyo alikuwa ameusoma. Angalia na maswali ya asubuhi, na michango yake siku za bajeti ya Wizara ya Mambo ya Ndani, maana Sekretarieti inayoshughulikia jambo hili iko chini ya wizara hiyo.

Hao Wamarekani ni kweli majina yao yanaandikwa. Mwaka 2000 sheria yao kubwa ya kulinda wahanga ilipita kwa kura 371 kwa 1 katika Baraza la Wawakilishi, na 95 kwa 0 katika Seneti. Lakini kura peke yake inaweza kukupotosha. Mwaka 2018 ilipitishwa sheria nyingine, ya kuzibana tovuti zinazotumika kuuza watu kwa ngono. Seneti ilipiga 97 kwa 2. Mmoja wa hao wawili alikuwa Ron Wyden wa Oregon. Ukiona "Hapana" yake tu utamwita mtetezi wa wauza watu. Hoja yake ilikuwa kwamba sheria ile itawasukuma wahalifu kwenye maficho ya intaneti ambako ni vigumu zaidi kuwakamata. Kubaliana naye au mkatae, lakini lazima uisome hoja kwanza.

Kwa hiyo mbunge wako akija, usimuulize kama anapinga biashara ya binadamu, kwa kuwa hakuna atakayejibu hapana. Muulize kuhusu faini. Sheria ya 2008 ilimruhusu hakimu kutoa faini badala ya kifungo, kuanzia shilingi milioni 5, hata aliyesafirishwa akiwa mtoto. Dalali mwenye hela alilipa, akarudi stendi kutafuta wengine. Mwanya huo ulizibwa kwa marekebisho ya 2022. Muulize: ulichangia nini siku ile? Kama hukuwepo, umeuliza swali gani bungeni kuhusu mabinti wanaotolewa Nanyamba, Tandahimba na Newala? Mpe swali hilo kwa maandishi kabla ya mkutano, mbaki na nakala yenye tarehe.

Na muswada mwingine wa namna hii ukija, msisubiri upite. Kamati za Bunge hupokea maoni ya wananchi, wengine wanafika Ukumbi wa Msekwa, pale bungeni Dodoma, wengine wanaandika kwa Katibu wa Bunge. Walimu wa Nanyamba mnaweza kuandika. Mnawajua watoto hawa kwa majina.